Mama Mkwe Aliyesimama Nyuma ya Pazia

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Hapana, hiyo amina ni ya watu wanaowaza chakula cha mchana. Bwana asifiwe tena! Sasa mmeamka. Asanteni.

Kwa wale wageni, mimi naitwa Mwakio, fundi wa nguo, nashonea nyumbani kwangu hapa Voi. Hizo sare za kwaya mnazoziona ni mkono wangu, na kama kuna mshono umefumuka, tuonane baada ya ibada, tusiaibishane hapa. Mchungaji ameniomba nishuhudie na ameniomba nifupishe. Nitajaribu, lakini mnanijua, mdomo wangu hauna breki.

Nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mama mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu Mwende. Jina lake hamtalisikia kinywani mwangu. Sijawahi kulitaja. Yeye ni Mkamba wa Maungu, mjane, na amelelewa katika ile heshima ya ukwe ambayo Wakamba wanaiita nthoni. Sisi Wataita tunayo yetu, lakini ya Mama ni kali. Mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Haingii anapolala. Hali naye meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anakaa kando na kuangalia pembeni mpaka mwenzake apite. Miaka yote ya ndoa yangu nimemsalimia nikiwa nimeangalia viatu vyangu.

Sasa huyo mama, ndugu zangu, ndiye aliyeangushwa na kiharusi. Na ikabidi aletwe kukaa nyumbani kwangu, na mtu pekee anayeshinda nyumba ile mchana kutwa ni mimi. Mungu wangu!

Ilikuwa hivi. Mama alikuwa kwake Maungu, amekaa nje anachambua pojo, presha ikapanda. Jirani alimkuta ameanguka, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kushoto havijui kama viko duniani. Wakamkimbiza hospitali. Tulikaa kwenye benchi la wodi, mimi na Mwende, hatujui kama tunangojea mtu au maiti. Nawaambia ukweli, nilianza kupanga kichwani mazishi yatakuwaje. Lakini Bwana hakusema hivyo. Mama alifungua macho. Maneno yalikuwa yanatoka yamevunjikavunjika, na la kwanza tuliloelewa lilikuwa "kwangu". Mwende akadhani anaota. Baadaye ulimi uliponyooka akasema yote: "Nataka kurudi kwangu. Nataka kuwasha moto wangu mwenyewe."

Hilo tu. Nyumba yake ya Maungu aliijenga na marehemu mumewe. Ana mbuzi wake pale. Amewapikia madereva wa malori muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kando ya barabara mpaka akasomesha watoto. Hakuwahi kuomba mtu chumvi. Na sasa alikuwa hawezi kujigeuza kitandani.

Mtoto wake wa kwanza ni shemeji yangu Musyoka, dereva wa lori, anatoka Mombasa kwenda mpaka wa Uganda na kurudi. Musyoka si mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Anampenda mama yake mpaka anaogopa. Tulipokuwa tumemleta Mama kwangu, alikuja akasimama pale mlangoni, akasema, "Fundi, mimi siwezi kulala barabarani nikijua mama yuko peke yake Maungu na ndovu wanapita nyuma ya choo. Mvua zikikaribia nitakuja. Nikimkuta hawezi kuinuka mwenyewe na kujipikia mwenyewe, nafunga ile nyumba, mbuzi nampa mjomba, mama anakaa hapa hapa. Mambo kwisha."

Alidhani Mama amelala. Hakuwa amelala. Siku hiyo aligeuza uso ukutani, na chakula alichopikiwa na binti yake kikarudi kama kilivyokwenda. Ndugu zangu, mnajua mtu akikata tamaa anavyonyamaza? Nyumba nzima inanyamaza pamoja naye.

Hospitali walitupa mtu wa fizio wa kuja kumfanyisha mazoezi nyumbani. Anaitwa Zuleikha, binti wa watu wa hapa hapa Voi, wale Waislamu wenye asili ya pwani, sauti yake ya upole lakini mkono wake ni chuma. Ni Mwislamu, na Mungu alimtumia. Semeni amina hata kama imewakwama kooni! Zuleikha alimpima Mama, akamkunja, akamkunjua, kisha akatukalisha chini. Akasema, "Mama huyu yawezekana arudi kwake. Lakini mazoezi ni ya kila siku, si siku nijapo mimi tu. Mchana nani yuko naye?"

Mwende ni mpishi wa shule ya sekondari, anatoka alfajiri, anarudi jua likishuka, na ndiyo kazi inayotulisha. Binti yetu Wakesho yuko shule. Msichana wa kutusaidia alikuja akaondoka hata kabla hatujajua baba yake anaitwa nani. Macho yote yakanigeukia mimi. Na Mama kule kitandani akavuta leso akajifunika uso.

Nilifanya ninachojua kufanya. Nilishona pazia. Nilichukua kitambaa kizito, nikagawanya nacho chumba, upande mmoja kitanda cha Mama na mlango wa nyuma wa kwenda chooni, upande wa pili cherehani yangu na mimi. Kitambaa kiliniishia, pazia likabaki fupi kidogo, halikugusa sakafu. Nilikasirika sana, maana fundi mzima nimepima vibaya nyumbani kwangu mwenyewe. Sikujua Mungu alikuwa anapima na futi yake.

Siku za kwanza zilikuwa mateso. Kuogeshwa na kubadilishwa ilikuwa kazi ya Mwende, alfajiri na jioni; mchana Mama hakuniita kwa lolote. Jua la Voi mnalijua, mabati yanalia, na mama wa watu amelala pale koo limekauka, na hawezi kuniambia "naomba maji" kwa sababu mimi ni mkwe. Mwende alirudi jioni akamkuta midomo imepasuka, anazungumza na watu wasiokuwepo. Zuleikha alipoambiwa alikuja mbio. Akatuonya kwamba mgonjwa wa namna hii akikosa maji hivyo, tunaweza kumpoteza.

Mimi ni mtu wa hasira, mnanijua. Kesho yake nilikaa kwenye cherehani, nikasikia kule ng'ambo kimya, nikachemka. Lakini nitamsemeshaje? Basi nikaisemesha cherehani. Nikapaza sauti, nikasema, "Wewe cherehani, hebu mwambie mama yake Mwende kwamba asipokunywa maji leo, nitaenda kuwaita wazee wote wa kanisa waje wamnyweshe kwa kijiko!"

Nikafikiri nimeharibu. Halafu sauti ikatoka, nyembamba, imepinda kidogo: "Mwambie baba Wakesho alete maji. Lakini asiingie."

Haleluya! Ndivyo tulivyoanza kuongea, mimi na mama mkwe, kupitia cherehani. Nyinyi chekeni. Cherehani ile imebeba maneno mengi kuliko simu zenu. "Cherehani, mwambie Mama ni saa ya dawa." "Mwambie baba Wakesho dawa nimemeza, aache kelele."

Maji nayapitishaje? Nilikuwa na rula yangu ndefu ya mbao. Niliweka kikombe kwenye sinia, sinia nikaisukuma kwa rula kupitia ule uwazi wa chini ya pazia, mpaka karibu na stuli fupi ya kitandani, pale mkono wake wa kulia unapofika. Zuleikha alipoona hivyo alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. Akaangalia ile sinia, akamwangalia Mama, akaniuliza, "Fundi, una chaki?" Nikampa chaki yangu ya kuchorea nguo. Akaingia nyuma ya pazia, akachora alama sakafuni. Akasema leo sinia ifike hapa. Baadaye akaisogeza alama upande wa kushoto, upande ule uliokufa. Kisha mbali zaidi. Mama akitaka maji, sharti akae mwenyewe ukingoni mwa kitanda. Sharti ajikunje. Sharti mkono wa kushoto uende, hata kama ni kwa kubebwa na wa kulia.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa magumu. Ndugu mmoja hapa kanisani, sitamtaja lakini amekaa mstari wa tatu na sasa anaangalia dari, aliniambia ile ni mila ya giza. Akaniambia, "Mwakio, ingia umshike kwa jina la Yesu, umsimamishe. Unaogopa nini?" Na mimi moyo ukasema, kweli, naogopa nini? Nampenda mama yule. Kila kikombe kilipoanguka kule ng'ambo, na kilianguka kila siku, mguu wangu ulitaka kuingia wenyewe. Nilimsikia akilia kwa kubana meno ili nisisikie. Mimi niko hapa nashona vifungo vya shati la mtu!

Nikamweleza Zuleikha. Hakuniamulia. Akasema tumuulize mwenyewe, mwili ni wake. Akaingia, akamuuliza. Nikamsikia Mama akijibu taratibu, neno kwa neno, "Ugonjwa umechukua mkono wangu. Umechukua mguu. Heshima yangu msinichukulie." Zuleikha akatoka, akafuta macho, akaniambia, "Basi tutaitumia hiyo hiyo heshima."

Sikuingia. Na majirani wakaanza. Mtaa wetu hauna siri. Wakasema Mwakio anamlisha mama mkwe kama paka, anasukuma sahani chini ya pazia. Wakasema mwanamume gani anakaa anapiga cherehani huku mgonjwa anajikokota. Maneno hayo yalinichoma, nasema kweli yalinichoma. Yakasafiri barabara nzima mpaka yakamfikia Musyoka huko njiani. Akanipigia simu, hata salamu hakutoa. "Fundi, nasikia unamtesa mama yangu. Ngoja nije." Akakata. Mwende alilia usiku kucha, na mimi nilipiga magoti nikamwambia Mungu, kama nimekosea niambie sasa, kabla mtu hajaumia. Na niliomba jambo moja, kila siku: Bwana, liondoe hili pazia. Mlainishe mama huyu akubali nimshike. Hakujibu ombi hilo, ndugu zangu. Mpaka leo hajalijibu.

Lakini siku moja nilisukuma kikombe, nikasubiri kusikia kikianguka, sikusikia. Nikaacha kukanyaga cherehani. Nikasikia kunywa. Kisha sinia ikaanza kurudi chini ya pazia, pole pole, ikikwama, ikisukumwa, na kikombe kitupu juu yake. Na vidole vilivyoisukuma, niliviona ncha zake tu, vilikuwa vya mkono wa kushoto! Ee Bwana! Niliondoka pale nikacheza barazani peke yangu, wateja wakafikiri fundi amepata wazimu. Mama akauliza, "Cherehani, huyo baba Wakesho ana nini?"

Toka hapo tukaanza kupanda. Akaweza kukaa bila mto. Akaweza kusimama ameshika dirisha. Zuleikha akaleta kile chuma cha kutembelea cha miguu minne, na mimi nikawa nasikia mlio wake sakafuni, kata, kata, kata, kutoka kitandani mpaka mlango wa nyuma. Mama alikuwa anatembea nikishona. Nikisimama kubadilisha uzi, na yeye anasimama. Nikianza, anaanza. Hakuna aliyetupangia hivyo. Nikaanza kushona mishono mirefu hata pasipohitajika, suruali za watu zikapigwa mishono mara mbili bure.

Zuleikha akasema jambo lingine ambalo halikunifurahisha. Akasema, "Mama ataanguka tu siku moja. Anayetembea huanguka. Sharti ajue kuinuka kabla hajaanguka." Akamfundisha Mama jioni, Mwende akiwepo. Mimi nilikaa upande wangu nikayashika maneno yale yote: kwanza usiharakishe, sikiliza mwili. Kama kichwa kimegonga au nyonga inauma, usisogee, ita msaada. Kama uko salama, geuka upande wenye nguvu. Simama kwa kiwiko. Ingia magotini. Tafuta kiti kilicho imara. Nilijifunza kama mtoto anavyokariri mistari ya Jumapili.

Mawingu yakaanza kujikusanya juu ya milima ya Taita, na mimi nikawa nayatazama kwa hofu. Watu wote hapa mnaomba mvua. Mimi nilikuwa naomba ichelewe.

Kisha siku ikafika. Ilikuwa mchana. Mwende yuko shule anapika. Majirani wote wamepanda milimani kwenye mazishi, mtaa mtupu, hata kuku hawasemi. Mama alikuwa ameanza kujifunza kuwasha jiko lake mwenyewe, jiko la makaa, pale karibu na mlango wa nyuma. Asubuhi Musyoka alikuwa ameniambia kwa simu kwamba anapanda kutoka Mombasa na atapitia kwetu. Mama alisikia. Akasema, "Mwambie baba Wakesho leo uji napika mimi. Musyoka ataunywa."

Simu ikalia. Musyoka. "Nimepita Miasenyi, mbele ni Maungu." Nikasema sawa, karibu. Sijaweka simu chini nikasikia kile chuma kikilia vibaya. Nikasikia kishindo. Nikasikia jiko likipinduka.

Ndugu zangu, niliona makaa mekundu yanabingirika chini ya pazia yakija upande wangu. Upindo wa pazia ukaanza kutoa moshi. Niliruka, nikaita, "Mama!" Nilisahau cherehani. Nilimwita yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Akapiga kelele, "Usiingie! Leso imefunguka, usiingie, mwanangu!"

Mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo. Na mkono wangu ulikuwa umeshashika pazia.

Semeni mnavyotaka, lakini kama moto ungeendelea ningeingia, na aibu ingetukuta hapo hapo. Lakini nilikuwa na ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo ninapopiga pasi. Niliimwaga yote, juu ya pazia na chini ya pazia. Makaa yakalia, mvuke ukajaa chumba. Nikauliza, "Mama, kuna kaa jingine linawaka?" Akakohoa. "Hakuna." "Kichwa kimegonga?" "Hapana." "Nyonga?" Nikasikia anajipapasa. "Haiumi. Nimelowa tu kama kuku."

Nikamwambia, "Mama, niite watu?" Akasema, "Watu gani? Wote wako mazishini. Na Musyoka yuko njiani. Akinikuta chini, nyumba yangu imekwisha." Simu ikalia tena. Musyoka: "Niko Maungu, nimeona nyumba ya mama pale. Nakuja." Maungu na Voi kwa lori si mbali, nyinyi mnajua.

Basi nilipiga magoti pale kwenye maji, nikaweka paji la uso karibu na pazia, sikuangalia ndani, Mungu ni shahidi. Nikaanza kumwambia yale niliyoyakariri. "Mama, usiharakishe. Geuka upande wa kulia." Nikasikia nguo zikiburuzika. "Umegeuka?" "Bado." "Pumua." "Napumua, wewe ndiye hupumui!" Na kweli nilikuwa sipumui. "Kiwiko, Mama." Nikasikia akianguka tena kifuani. Akalia. Akasema, "Siwezi, Mwakio. Siwezi." Akanitaja jina! Na mimi machozi yananitoka, nikasema, "Mama, mimi siwezi kukufikia. Mkono wangu hauji huko. Lakini Yesu hana ukwe na mtu. Mwambie akushike."

Nikamsikia akiomba kwa Kikamba, haraka haraka, kama mtu anayegombana. Kisha akakaza. "Kiwiko kimesimama." Nikasema, magoti. Ikachukua muda, jamani, ikachukua muda! Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, nikawa nasikia malori kule barabara kuu, na kila lori nadhani ndilo. "Niko magotini." "Stuli iko wapi?" "Imeanguka mbali." "Kitanda?" "Nakifikia." "Shika kitanda. Mguu ule mzima utangulie mbele. Sukuma." Akasukuma, akarudi chini. Akasukuma tena. Nikawa napiga ngumi sakafuni kwa kila neno, sukuma, Mama, sukuma! Na nikasikia vyuma vya kitanda vikilia chini ya uzito wa mtu aliyekaa.

Nilibaki pale chini, kwenye maji. Kisha akasema, "Baba Wakesho." "Naam, Mama." "Usigeuke. Najifunga leso."

Musyoka aliingia kwa mlango wa mbele akatuona. Maji sakafuni, majivu, pazia limeungua upindo, mimi nimelowa magoti. Akanirukia. "Fundi, mama yangu angeungua!" Ni kweli angeungua. Akavuta pazia, akapiga hatua, akanyoosha mikono ili ambebe. Mwana anaweza kuingia. Nami nikageuza uso ukutani.

Nikasikia Mama akisema, "Musyoka, ondoka njiani."

"Mama, nakushika..."

"Nimesema ondoka njiani mwangu. Nataka kwenda chooni."

Akachukua kile chuma chake. Nikasikia mlio wake, kata, kata, ukipita juu ya maji, ukipita mlangoni, ukienda uani. Musyoka anamfuata mikono imetandazwa, na yeye anamfukuza kama anafukuza mbuzi kwenye mboga. Akaenda. Akarudi. Akakaa. Akamwambia mwanawe, "Nilianguka. Hakuna aliyeniinua. Muulize huyo." Musyoka akaniangalia. Nikamweleza yote. Akavua kofia, akakaa pale pale kwenye maji, dereva mzima, akalia. Uji hatukunywa siku hiyo. Ulikuwa umemwagika wote.

Sitaki kuwadanganya, hapa ni madhabahuni. Hakurudi kwake kesho yake. Zuleikha alimkagua, akaongeza mazoezi, na kwa kweli akanigombeza kuhusu jiko kuwekwa karibu na njia na pazia. Musyoka akajenga kule Maungu meko ya juu, ili Mama apike bila kuinama, akatengeneza choo cha kukaa, akapigilia bomba la kushika ukutani. Jirani wa Mama akakubali kuchungulia asubuhi na jioni. Na vidole vya kushoto mpaka leo havifunguki vyote. Ndoo ya maji kichwani, hapana, hilo limekwisha. Mungu hakumrudishia yote. Amemrudishia nyumba yake.

Tulimpeleka mvua zilipokuwa zimeanza. Mimi nilibaki nje ya boma, kama inavyotakiwa, chini ya manyunyu, Mwende ameingia na mizigo kisha akafukuzwa kutoka jikoni. "Nendeni mkae huko, nimechoka kuhudumiwa." Tukakaa nje, mimi na mke wangu, tunaliangalia lile paa. Muda ukapita. Kuni zimelowa, nikasema moyoni, hataweza. Mwende akaanza kuinuka, nikamshika mkono nikamwambia kaa. Ndugu zangu, niliogopa kuliko siku ile ya kishindo. Kisha moshi ukatoka. Kidogo kwanza, mweusi, ukakatika. Tukashika mikono. Ukatoka tena, mweupe, mwingi, ukajaa juu ya bati lote. Mwende akapiga kigelegele mpaka wenye malori wakageuza shingo.

Basi namshukuru Mungu. Nawashukuru nyinyi mlioomba, na hata nyinyi mlionisema, maana mlinipigisha magoti. Zuleikha hayuko hapa, lakini baraka zimfuate huko aliko.

Na wewe uliye na mgonjwa nyumbani, najua uko hapa, nimekuona unafuta macho. Unampenda. Unataka umbebe, umlishe, uumie badala yake. Peleka hospitali, fanya mazoezi waliyowaambia, usichoke. Lakini utafika mahali ambapo mkono wako haufiki, hata umpende namna gani. Hapo usikimbie. Kaa hapo hapo, piga magoti, msemeshe. Mwamini Mungu kwamba yuko naye upande ule ambao wewe huwezi kuingia. Mimi nilimsikia huko kwa masikio yangu, na mama wa mke wangu amekunywa leo asubuhi uji aliojipikia mwenyewe.